Somo: Kufunga kastaneti na kupiga "ria" ya vidole vinne

Anayeanza ngoma za Kihispania hulaumu vidole vyake, na mara nyingi kosa liko kwenye kamba ya kastaneti, ala ndogo ya kugonga inayovaliwa mkononi. Ndiyo maana tunaanzia hapo.

Kila mkono una kastaneti moja: makombe mawili ya mbao au faiba, yaliyounganishwa kwa kamba inayopita kwenye matundu ya masikio yake, yaani ncha zilizochomoza juu. Yenye mlio mwembamba huitwa hembra, yaani jike, nayo hukaa kulia. Yenye mlio mzito ni macho, dume, hukaa kushoto. Mafundi wengi hutia alama kwenye sikio la jike. Usipoiona, gonga zote mbili usikilize.

1. Vaa kamba kwenye gumba kwa mizunguko miwili: mmoja karibu na ukucha, wa pili nyuma ya kiungo. Kiungo kibaki katikati.

2. Kaza kwa fundo la kitanzi. Kastaneti ikining'inia kiganjani, makombe yaachane kwa chini kiasi cha upana wa kidole. Kamba ikilegea, makombe hulala pamoja na hakuna mlio. Ikikazwa mno hubaki wazi, vidole vinachoka kabla wimbo haujaisha.

3. Piga "ta": mkono wa kushoto, kidole cha kati na cha pete kwa pamoja. "Pi" ni pigo hilohilo kwa mkono wa kulia. Gonga uachie mara moja. Kidole kikibaki juu ya kombe, sauti inakufa.

4. Sasa "ria", mkono wa kulia peke yake: kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, cha shahada. Kila ncha iguse kombe na kuteleza kuelekea kiganjani. Anza polepole sana, milio minne uihesabu mmoja mmoja. Cha pete ndicho kivivu, kwa hiyo kwa siku kadhaa rudia viwili vya kwanza tu. Ukikimbilia kasi mapema, minne itasikika mitatu, na kosa hilo likizoeleka ni gumu kuling'oa.

5. Malizia "ria" kwa "ta". Hayo mapigo matano ndiyo carretilla. Kisha fanya "ria, ria, pi, ta" bila kukaza kifundo cha mkono.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, flamenco bila kastaneti ni flamenco kweli?*
Ndiyo, tena flamenco, muziki na ngoma ya kusini mwa Hispania, kwa asili hutegemea makofi, kualisha vidole na miguu. Kastaneti zina makao yake hasa kwenye escuela bolera, mtindo wa Kihispania unaochanganya ngoma za kienyeji na baleti, na kwenye ngoma za kienyeji zenyewe. Kwenye sevillanas, ngoma za kienyeji za Seville ambazo ni za mapigo matatu, zinapendeza mno.

*Nimeona wengine wanazifunga kidole cha kati. Wanakosea?*
Hapana. Ni mtindo wa ngoma za kienyeji za baadhi ya mikoa ya Hispania: mkono mzima hutikiswa, makombe yakagonga kiganja. Ila "ria" ya vidole vinne huipati kwa njia hiyo.

*Zangu za mbao zina mlio mfu asubuhi ya baridi.*
Zipashe kwa joto la mikono au mfukoni kabla ya kupiga. Usizianike juani wala kuziacha ndani ya gari. Mbao hupasuka, na kombe lenye ufa halirudi sauti yake.

*Gumba linakufa ganzi.*
Legeza mzunguko wa nyuma kidogo, kisha rudi hatua ya 2.