Boya la kupima mawimbi nje ya Mikindani: anza na kamba

Ndani ya Ghuba ya Mikindani maji yametulia mno. Boya likae nje ya mlango wa ghuba, kwenye kina cha mita 12 maji yakiwa yamekupwa. Lishushe Novemba, upepo wa kusi ukishalala, na zungumza kwanza na BMU ya hapo (kikundi cha wavuvi cha kusimamia fukwe) ili wavuvi wajue ni kitu gani. Masafa ya redio ambayo boya litatumia kutuma vipimo, uliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Maboya hupotea zaidi kwa kamba kuliko kwa mitambo. Bamvua hapa hupandisha maji zaidi ya mita 3. Kamba iliyopimwa wakati wa kupwa hulivuta boya chini maji yakijaa, na vilele vya mawimbi havipimwi. Weka mita 40 za nailoni ya milimita 12. Kamba ya polipropilini (plastiki nyepesi) huelea ikanaswa na rafadha za boti. Mita 5 za juu ziwe mpira unaovutika, na katikati funga boya dogo la kuinua kamba isizonge matumbawe. Nanga ya zege ya kilo 100 ikizama hubaki na uzito wa kama kilo 58 tu.

Kihisi cha mchapuko, yaani kinachopima jinsi mwendo wa boya unavyobadilika, kisome mara 4 kwa sekunde kwa dakika 20. Hivyo ni vipimo 4,800, na LoRa, redio ya kutuma ujumbe mfupi mbali kwa umeme kidogo, haivibebi. Acha boya lipige lenyewe hesabu ya kugeuza mchapuko kuwa kimo: chuja kila mwendo ambao mzunguko wake mmoja unazidi sekunde 25, la sivyo kosa dogo la kihisi litakuonyesha mawimbi ya mita 6 bahari ikiwa shwari. Kimo cha mawimbi cha kutuma ni mkengeuko sanifu wa uso wa maji (kipimo cha unavyotawanyika kutoka wastani wake) mara 4.

Lijaribu nchi kavu: litundike kwenye kapi, lipandishe na kulishusha mita 1 kila sekunde 6, taratibu bila kushtua. Jibu sahihi ni kama 1.4, wala si 1, kwa kuwa kanuni hiyo ni ya mawimbi mchanganyiko. Wengi hapa hudhani kuna kosa, wakaharibu programu iliyokuwa nzima.

Antena ya mita 1 juu ya maji na ya mita 16 pwani huonana hadi karibu kilomita 18. Ya pwani usiifunge katikati ya minazi. Makuti mabichi hunyonya mawimbi ya redio. Boya likiwa bondeni mwa wimbi ujumbe hupotea, basi rudia kila ujumbe mara 3 kwa nafasi zisizo sawa.

Tuma na mahali kutoka GPS. Likivuka mita 50 kutoka kwenye nanga, kamba imekatika au nanga inaburutwa: simu ya nahodha ipate SMS papo hapo.