Somo: Kuchora kwa cheche za fataki ufukweni usiku

Kila Diwali na kila mwaka mpya ukikaribia naulizwa lilelile: zile duara za moto kwenye picha zako za ufukwe wa Nyali, Mombasa, unazitia kwa kompyuta? La. Ni shata, kile kilango cha kamera kinachoingiza mwanga, iliyoachwa wazi na mtu anayezungusha kijiti cha cheche. Nimechoka kujibu mmojammoja, basi somo ni hili.

1. Nunua vijiti vya cheche vya kushika mkononi. Fataki za kurusha angani zinataka kibali, hazimo humu.

2. Mchoraji avae nguo nyeusi za pamba, mikono mirefu, na viatu. Nailoni huyeyukia ngozini.

3. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, shata wazi sekunde 15. Cheche zikiwa nyeupe mno, bana tundu, nenda f/16.

4. Mchoraji asimame mahali pake ajimulike kifuani kwa tochi. Ukishapata fokasi, yaani picha imekaa kali, ifunge. Fokasi ya otomatiki huhangaika gizani.

5. Tripodi, stendi ya kamera ya miguu mitatu. Hapa nisikilizeni. Mara ya kwanza niliisimamisha kwenye mchanga mbichi, nikitaka moto uonekane majini. Kwenye kioo cha kamera picha zilipendeza. Nyumbani nikazikuza: kila taa ya meli kule mbali imekuwa mbili, moja chini ya mwenziwe. Mguu mmoja ulikuwa ukizama kila wimbi likilamba mchanga. Boksi zima la vijiti likaenda bure, na usiku wa watu wanne. Sasa naweka vifuniko vitatu vya ndoo za rangi chini ya miguu, na katikati natundika mfuko wa mchanga. Na tazameni mwezi: ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua, maji hujaa mpaka juu, na wewe macho yako yako kwenye moto. Nendeni maji yakipwa, mtoke kabla hayajarudi.

6. Taima ya sekunde 2, bonyeza, mchoraji aanze.

7. Kijiti kikiisha, ndani ya ndoo ya maji. Waya hubaki na moto hata cheche zikizima. Usiufukie mchangani, asubuhi watoto wapita pekupeku.

MASWALI

Kijana wa Likoni: Kaka, ISO ngapi?
— Hatua ya 3. Soma kwanza, ndugu yangu.

Mtu wa Bamburi: Nikifunga vijiti kumi pamoja si mwanga utazidi?
— Usithubutu. Huwaka kwa mpigo na vyaweza kulipuka mkononi. Kimoja kimoja.

Binti Kisauni: Niliandika jina la mwanangu, likatoka kinyumenyume. Nimekosea wapi?
— Hukukosea, dada. Kamera iko upande wa pili wa maandishi yako, yaona mgongo wake. Igeuze picha baadaye kwa simu, kioo kwa kioo. Lakini nyuma yako pakiwa na Fort Jesus, nayo itageuka, na wenyeji wataona. Hapo jifunze kuandika kinyume. Fanya mazoezi kwa tochi kabla ya kuwasha kijiti. Na baina ya herufi, mwenzako azibe lenzi kwa kofia nyeusi bila kuigusa, mstari usiunganike.

Mvuvi wa Tudor: Zangu zina ukungu, na lenzi nimefuta.
— Umefuta mara ngapi? Chumvi ya pwani hurudi, mimi hufuta kila picha tano. Kama si chumvi ni moshi. Kaskazi ikivuma weka kamera upande inakotoka, moshi uende zake mbali na lenzi.

Mvuvi wa Tudor: Kweli, nilikuwa upande wa moshi. Leo narudia.
— Usisahau vifuniko.