Bee-Bot darasa la awali: anza na gwaride, roboti baadaye

Mwalimu mwenzangu alinipigia simu kwa sababu shule yao ilipewa Bee-Bot moja, na boksi limekaa ofisini kwa kuwa kila mtu anaogopa kuiharibu. Niliyomwelekeza ndiyo haya.

Ni roboti ya plastiki yenye umbo la nyuki, na watoto watamwita Nyuki upende usipende. Mgongoni ana vitufe saba: mbele, nyuma, geuka kushoto, geuka kulia, GO ya kumwanzisha, X ya kufuta, na kimoja cha kumsimamisha kwa sekunde moja. Hahitaji simu, tableti wala intaneti, na kwa hilo nampenda kuliko roboti zote za kuongozwa kwa skrini. Mpe mtoto wa miaka mitano tableti uone kama atakumbuka kuna roboti sakafuni.

1. Chaji. Za sasa huchajiwa kwa USB. Swichi iko tumboni, na ya sauti iko hapohapo.

2. Mkeka. Nyuki husogea sentimita 15 kwa kila hatua, kwa hiyo kila mraba uwe 15 kwa 15, nusu ya rula ya kawaida. Miraba minne kwa minne inatosha kuanzia. Usichore kwa chaki sakafuni. Vumbi humwingia kwenye magurudumu, na saruji yenye mashimo humpeleka upande. Unga manila kwa selotepu, chora kwa maka peni, tandika juu nailoni angavu ya kufunikia meza na uivute isiwe na mikunjo. Picha za mahali pa kumpeleka Nyuki, kama za wanyama, zikae chini ya nailoni.

3. Gwaride. Usimtoe Nyuki kwenye boksi bado. Hatua hii wengi huiruka, halafu wiki nzima wanahangaika.

Shida iko kwenye vitufe vya kugeuka. Mtoto akibonyeza cha kulia anategemea Nyuki ahamie mraba wa kulia. Nyuki hahami. Anazunguka robo duara palepale alipo, basi. Mtoto anabonyeza tena, Nyuki sasa anatazama alikotoka, na unasikia, "Mwalimu, imeharibika!" Unaweza kueleza mpaka sauti ikukauke na wasielewe.

Ila watoto wetu gwaride wanalijua; wanawaona kaka na dada zao mstarini kila asubuhi. "Kulia, geuka!" Mwili unageuka, miguu haihami. Ndicho anachofanya Nyuki. Kwa hiyo watoke nje, uchore miraba mikubwa ardhini, mtoto mmoja awe Nyuki na mwingine amwamrishe: mbele moja, kulia geuka, mbele moja. Aliye Nyuki asifanye kitu ambacho hakuamriwa, hata kama anaona anakwenda kugonga ukuta. Watacheka sana. Waache.

Zingatia haya. Kwanza, usiseme kamwe "nenda kulia", maana hiyo ni amri mbili kwa pamoja. Sema "geuka kulia", kisha "mbele". Wasaidizi wako nao waseme hivyohivyo. Pili, anayeamrisha asimame nyuma ya Nyuki. Wakitazamana, kulia kwa mmoja ni kushoto kwa mwenzake, na hapo hata watu wazima huchanganyikiwa. Mkiingia ndani, wote wakae upande mmoja wa mkeka; ukiwaruhusu wauzunguke, nusu ya kundi wanaona kinyume. Tatu, wasiojua bado kulia na kushoto wafunge uzi mkono wa kulia, na Nyuki naye abandikwe kistika ubavu wa kulia. Usisubiri walijue hilo kwanza, watalijua humuhumu.

Seymour Papert, mmoja wa waliobuni Logo, lugha ya watoto ya kuiamrisha kompyuta, mwaka 1967 huko Marekani, alishikilia jambo hilihili: mtoto akitaka kumwelewa kobe anayeamrishwa kwa lugha hiyo, atembee yeye mwenyewe kama kobe. Kama shule yako haina roboti kabisa, ishia hapa na kwenye kadi za hatua ya 4. Sehemu kubwa ya faida utakuwa umeipata.

4. Kadi. Kata manila, kila kadi amri moja. Ya kugeuka ichorwe mshale uliopinda, usinyooke. Kundi liwe la watoto watatu: mmoja anapanga kadi, mmoja anabonyeza, mmoja anafuata kadi kwa kidole Nyuki anapotembea. Wakizidi wanne utaamua ugomvi tu. Wengine wabaki kwenye kona nyingine za kujifunzia.

Nyuki akipotea, usimguse. Uliza, "Kadi gani imemdanganya?" Mara nyingi utakuta wamehesabu mraba aliosimama kuwa ndiyo moja. Hesabu inaanza anapoondoka. Hapo umefundisha hisabati bila kugusa ubao.

5. X kwanza. Nyuki hasahau safari iliyopita. Usipobonyeza X, amri mpya zinaongezwa mwisho wa zile za zamani, naye anaanza upya tangu mwanzo. Wafundishe kuimba "futa!" kabla ya kila safari.

6. Silabi. Picha za wanyama zikishazoeleka, weka ma, ba, ka, ta. Nyuki apite ba, kisha ta, darasa lisome "bata". Kitufe cha kusimama kazi yake ndiyo hapa, ila sekunde moja ni fupi kwa mtoto anayeanza kusoma. Wabonyeze mara mbili au tatu kwenye kila silabi. Neno lenye silabi inayojirudia, kama "baba", liache kwanza: mtoto anataka Nyuki atoke na kurudi palepale, na kwa kitufe cha nyuma hilo linawezekana, lakini ni la muhula wa pili.