Kabla hujashika spana: mambo ya kuzingatia unapotafuta ubovu wa gari la zamani nyumbani

Gari la miaka 20 halikosi neno. Leo haliwaki, kesho linachemsha, keshokutwa taa zinafifia kila ukipiga honi. Mengi ya hayo unaweza kuyamaliza mwenyewe nyumbani, lakini matayarisho huanza kabla boneti halijafunguliwa. Ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: usinunue kipuri kabla hujapima. Ubovu wa gari la zamani hufanana sura ukatofautiana chanzo, na anayebadilisha vipuri kwa kubahatisha humaliza fedha huku ubovu uko palepale.

Tafuta daftari kwanza. Andika gari linafanya nini na linafanya wakati gani hasa: asubuhi likiwa la baridi au likishapata moto, likipanda mlima au likiwa limesimama, siku ya mvua au siku ya jua. Gari la petroli linalozima likishapata moto, kisha likawaka tena baada ya kupoa nusu saa, limeshakuonyesha pa kuanzia; chunguza koili (inayozalisha umeme wa plagi) na sensa ya krenki (kifaa kinachohisi mzunguko wa injini), maana vyote viwili huchoka kwa joto. Linalokosakosa kwenye unyevu, shuku waya za plagi. Fungua boneti gizani injini ikiunguruma, simama mbali nazo, na kama zinavuja umeme huenda ukaona vicheche vya buluu vikirukaruka. Andika pia kazi ya mwisho iliyofanywa kwenye gari na tarehe yake. Ubovu unaozuka siku mbili baada ya matengenezo, mara nyingi uko hapohapo palipoguswa: soketi haikubanwa sawasawa, au bomba la hewa limeachwa bila klipu.

Uwe na kitabu cha ufundi cha gari hilohilo, kwa mwaka na injini yake. Mpangilio wa fyuzi, nguvu ya kukazia nati, aina ya oili, vyote hubadilika toleo kwa toleo. Kama gari ni la karabureta, kile chombo cha zamani cha kuchanganya hewa na petroli, hakuna kompyuta ya kuuliza, utategemea macho, masikio na pua. Magari madogo yaliyouzwa Marekani tangu 1996 yana soketi ya OBD-II, mfumo wa gari kujichunguza lenyewe, chini ya dashibodi, na ya petroli yaliyouzwa Umoja wa Ulaya yalilazimishwa kuwa na mfumo kama huo kuanzia 2001. Kisomeo kidogo ukikichomeka hapo kitakupa kodi ya hitilafu, yaani namba inayotaja aina ya ubovu. Ila kodi hukuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba: kodi ya sensa ya oksijeni inaweza kuletwa na tundu kwenye bomba la ekzosi, na sensa ikawa nzima kabisa.

Multimita, yaani kipimo cha umeme, usiikose, hata iwe ndogo. Betri iliyojaa ikapumzika usiku kucha husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Ikishuka chini ya 12, imekwisha. Washa injini, na kwa magari mengi ya zamani usomaji upande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ukigoma kwenye 12 na kitu, alteneta (mashine inayochaji betri) haichaji, au mkanda wake unateleza, au waya wake umeshika kutu. Betri mpya hapo itakupeleka siku chache, kisha utarudi ulipokuwa.

Niliwahi kuhangaika na gari ambalo stata, mota ya kuwashia injini, ilitoa mlio mmoja mfupi, "tik", ikanyamaza. Betri ilisoma 12.6. Kila aliyelitazama alisema stata imekufa, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuifungua. Kabla ya bolti ya pili nikaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, nikaomba ufunguo uzungushwe. Mita haikupaswa kuvuka nusu volti. Ikapanda hadi 3 na ushee. Umeme ulikuwa unapotelea kwenye waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari. Nikaufuata kwa mkono hadi unapofungwa kwenye gia boksi, nikakuta nati imevaa unga wa kijani na mweupe, na pete ya waya imeliwa ukingoni. Nikasugua kwa brashi ya waya na msasa, nikakaza nati, injini ikazunguka kwa nguvu. Stata ile ilibaki pale ilipokuwa.

Sasa usalama, na hapa naomba usiharakishe. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Ukitaka kuingia chini, gari likae juu ya stendi, kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, na matairi yanayobaki chini yazuiwe kwa magogo au mawe makubwa. Nati za tairi zilegeze gari likiwa bado chini. Kifuniko cha rejeta usikiguse injini ikiwa ya moto: maji ya ndani yamebanwa kwa shinikizo na yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100, ukifungua yatakurukia usoni. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, kwani kaboni monoksaidi haina harufu. Unapotoa betri, anza na hasi. Unaporudisha, hasi iwe ya mwisho. Weka kizima moto karibu kabla ya kugusa bomba lolote la petroli. Mifuko ya hewa, springi za mbele na mabomba ya shinikizo kubwa ya dizeli ya kisasa waachie wenye vifaa vyake.

Bolti zenye kutu zipulizie mafuta ya kulegeza tangu jana yake. Kila hatua ipige picha kwa simu, na nati za kila sehemu zikae kwenye kikopo chake. Chagua pia siku ambayo huna safari.

Kama kazi ni ya breki, soma kwenye kifuniko cha kichupa cha mafuta ya breki ni aina gani yanatakiwa, DOT 3 au DOT 4, na utumie chupa ambayo haijafunguliwa, kwa sababu mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani. Yakidondokea kwenye rangi ya gari, yamwagie maji mara moja. Ukishabadilisha pedi na gari likashuka chini, usitie gia bado. Kaa kwenye kiti ukanyage pedali taratibu, tena na tena. Mara za kwanza itazama hadi chini; endelea mpaka uisikie imekuwa ngumu chini ya mguu, ndipo usogeze gari hatua moja na kulijaribu kusimama.