Somo: Kununua miwani ya macho kwa bei nafuu bila kuumiza macho

Habari zenu wapendwa. Somo hili mmeliomba siku nyingi. Kabla ya yote, shikeni neno moja: kinachokufanya uone ni vipimo na lenzi. Fremu kazi yake ni kuishika lenzi mahali pake. Pesa ikiwa haba, punguza kwenye fremu.

Hatua ya 1: Pima macho, uondoke na karatasi yako

Usiagize kwa vipimo vya zamani. Tena anayekupima vizuri hatafuti namba tu. Glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, huanza kimyakimya bila maumivu, na mara nyingi hugunduliwa kwenye vipimo kama hivi.

Omba karatasi ya vipimo, maana ukiwa nayo unaweza kulinganisha bei sehemu tatu nne. OD ni jicho la kulia, OS la kushoto. SPH ni nguvu ya lenzi: alama ya kutoa ni kwa asiyeona vizuri mbali, ya kujumlisha kwa anayesumbuka zaidi karibu. CYL ni nguvu ya kurekebisha jicho ambalo uso wake haukupinda sawasawa, na AXIS ni pembe yake, kwa hiyo huenda pamoja. Ukikuta CYL ina namba na AXIS iko wazi, rudi ukaulize. ADD ni nguvu ya ziada ya kusomea. Ukinakili, angalia alama mara mbili. Ukiandika +2.00 badala ya -2.00, pesa imekwenda.

Hatua ya 2: PD, hapa ndipo wengi tunaumia

PD ni umbali kati ya mboni mbili, kwa milimita. Watu wazima wengi wako kati ya 54 na 74. Mara nyingi haiandikwi kwenye karatasi, kwa hiyo iulizie.

Miwani ya kwanza niliyonunua kwa pesa yangu ilinipendeza sana, lakini kila ikifika mchana kichwa kinagonga. Muuzaji akasema nitazoea. Sikuzoea. Nilipoipeleka kwingine ikapimwe, kumbe vitovu vya lenzi vilipishana na mboni zangu kwa milimita sita.

Ukitaka kujipima, simama mbele ya kioo, kama sentimita 20. Weka rula juu ya nyusi. Fumba jicho la kulia, linganisha sifuri na katikati ya mboni ya kushoto. Kisha, bila kusogeza kichwa wala rula, fumba la kushoto, fumbua la kulia, usome namba iliyo katikati ya mboni. Rudia mara tatu.

Hatua ya 3: Fremu

Ndani ya mkono wa miwani kuna namba kama 50-20-140: upana wa lenzi, daraja la pua, urefu wa mkono. Soma za miwani yako inayokukaa vizuri, utafute zinazokaribiana nazo. Mwenye namba kubwa za kutoa achague fremu ndogo ya duara. Kingo za lenzi zitakuwa nyembamba bila kulipia lenzi ya gharama.

Hatua ya 4: Lenzi

Namba zako zikiwa ndogo, plastiki ya kawaida ya 1.50 inatosha kabisa, na huonyesha picha safi (namba hii ikiwa kubwa, lenzi huwa nyembamba zaidi). Polikaboneti ya 1.59 ni ya watoto na wanaofanya kazi penye vipande vinavyoruka, kwa sababu haivunjiki kirahisi. 1.67 na 1.74 waachieni wenye namba kubwa. Lipia utando wa kuzuia mng'ao, hasa ukiendesha usiku. Ule wa kuzuia mwanga wa bluu mimi siununui: mapitio ya 2023 ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za afya, hayakuona kwamba unapunguza uchovu wa macho kwenye kompyuta.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Fremu yangu ya zamani bado nzima. Naweza kubadilisha lenzi tu?*

Marahaba. Ndiyo, na utaokoa pesa nyingi. Ila plastiki ya zamani huweza kupasuka wakati wa kuingiza lenzi, basi mkubaliane mapema hasara ni ya nani.

*Miwani ya kusomea iliyo tayari dukani ina madhara?*

Haiharibu macho. Lakini lenzi zake mbili zina nguvu sawa na hazina CYL, kwa hiyo macho yako yakitofautiana haitakufaa.

*Mama yangu anataka lenzi moja ya mbali na karibu, isiyo na mstari. Nimwagizie mtandaoni?*

Hapana dada. Hiyo inahitaji kupimwa urefu wa mboni ndani ya fremu ikiwa usoni pake. Mpeleke mwenyewe.

*Nimejipima PD mara tatu: 61, 62, 62. Niandike ipi?*

Andika 62. Ukikuta fomu inataka namba mbili, kila moja ni umbali kutoka katikati ya pua hadi mboni moja. Usigawanye 62 kwa mbili, kwa sababu nyuso zetu hazilingani pande zote. Hiyo mwombe mtaalamu akupimie.