Somo: Kuandika upya aya moja mpaka isomeke

Ndugu wanachama,

Hadithi nyingi mnazonitumia zina ugonjwa mmoja: zimeandikwa mara moja tu. Mtu kamaliza sentensi ya mwisho, papo hapo katuma. Vipaji ninaviona, tena vingi, na ndiyo maana inaniuma. Kwa hiyo leo tutaishika aya moja, ya kwangu mwenyewe, tuipalilie hatua kwa hatua. Niliiandika nikiwa kijana, kumhusu bibi yangu aliyenilea:

"Bibi yangu alikuwa ni mwanamke ambaye alikuwa mchapakazi sana katika suala zima la biashara. Kila siku ya asubuhi aliweza kuamka mapema sana kwa ajili ya kufanya zoezi la kupika vitumbua ambavyo alikuwa akiviuza kwa wateja wake mbalimbali. Kwa kweli maisha yalikuwa magumu sana lakini hata hivyo hakuweza kukata tamaa."

Nilimsomea shangazi, binti yake bibi. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Huyo ni bibi wa nani?" Swali lile lilinifundisha kuliko mitihani yote ya insha niliyowahi kufanya.

Hatua ya 1: Punguza eneo

Usiandike "maisha ya bibi". Andika alfajiri moja, jiko moja, karai moja la mafuta. Ukishindwa kuona mahali mhusika aliposimama, bado eneo ni kubwa.

Hatua ya 2: Andika bila kusimama

Dakika ishirini zinatosha. Usirudi nyuma kusahihisha, usifungue kamusi. Rasimu ya kwanza ni mpunga shambani, mawe na pumba utavipepeta baadaye.

Hatua ya 3: Iache ilale

Siku mbili, tatu. Ukiisoma jioni ile ile, macho yanasoma ulichokusudia badala ya ulichoandika.

Hatua ya 4: Isome kwa sauti

Kwa sauti kweli, midomo ikitikisika. Kiswahili kiliishi masikioni karne nyingi, kwenye utenzi, ngano na mawaidha, na sikio lako linajua mengi usiyoweza kuyaeleza. Mahali ulimi unapojikwaa, weka alama ya penseli. Mahali unapoishiwa pumzi, weka nyingine. Usisahihishe bado.

Hatua ya 5: Palilia

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo kazi ilipo. Rudini kwenye aya yangu.

"Suala zima la biashara" ni biashara. "Zoezi la kupika" ni kupika. Maneno haya tumeyaokota kwenye hotuba na taarifa za ofisini, yakatuingia kwa sababu yanasikika mazito. Mpishi hafanyi zoezi la kupika. Anapika. (Na tafadhali sana, ni suala. Swala ni yule mnyama wa mbugani, au ibada.)

"Aliweza kuamka": kwani alikuwa mgonjwa? Kitenzi "kuweza" kinataka kizuizi. Kama hakuna kilichomzuia, sema "aliamka".

"Siku ya asubuhi" sijui hata ilitoka wapi. "Lakini hata hivyo" ni daraja juu ya daraja, chagua moja. Vivyo hivyo "ili kusudi" na "kurudi tena", kama mtu hajarudi mara ya pili.

Kisha "ambaye". Kiswahili kimekupa kirejeshi kinachoingia ndani ya kitenzi: "vitumbua ambavyo alikuwa akiviuza" ni "vitumbua alivyouza". Maneno matatu yamekuwa moja, na sentensi inapumua. Amba- ina kazi yake halali. Huwezi kukipachika kirejeshi ndani ya "hajafika", kwa hiyo "mgeni ambaye hajafika" ni sawa kabisa. Ninachokataa ni kuiweka kila mahali kwa mazoea.

Mwisho, hesabu "sana". Nilikuwa nazo tatu katika sentensi tatu. Kila "sana" ni mahali mwandishi aliposhindwa kuangalia. Mapema sana ni saa ngapi? Lugha yetu ina njia nzuri zaidi za kukazia, nazo ni tanakali, maneno yanayoigiza sauti au hali: giza totoro, kimya jii, nyeupe pe, kuanguka pu. Ziko midomoni mwenu kila siku, lakini mkishika kalamu mnaziona za kitoto. Si za kitoto hata kidogo.

Hatua ya 6: Panga nyakati

Hii wengi hawafundishwi. Soma: "Bibi aliamka, alijifunga kanga, aliwasha moto." Kila tendo limesimama peke yake kama mistari ya daftari la mlinzi. Sasa: "Bibi aliamka, akajifunga kanga, akawasha moto." Hiyo -ka- ndiyo miguu ya masimulizi, inamshika msomaji mkono na kumpeleka mbele. -li- ifungue mlango, -ka- itembee, na -ki- ionyeshe yanayotokea sambamba: akiimba, akikohoa, upepo ukivuma.

Tukiwa hapo hapo, chagua kitenzi chenye mwili. "Alitembea polepole" yaweza kuwa alinyata, alijikongoja, alichechemea. Aliyenyata anaficha jambo, aliyejikongoja amechoka au mgonjwa, aliyechechemea anaumwa mguu. Ukichagua kitenzi, umekwisha kuanza kusimulia kisa.

Baada ya miaka, na baada ya rasimu ambazo sikuzihesabu, aya ilifika hapa:

"Saa kumi alfajiri bibi aliamka, akajifunga kanga, akawasha kibatari. Nikiwa kwenye mkeka nilimsikia akikoroga rojo la mchele lililolala na hamira, kisha mafuta yakalia chwaa. Alivigeuza vitumbua kwa kijiti, kimoja kimoja, mkono wa kushoto ukikikinga kibatari na upepo wa mlangoni. Vizuri vilikwenda kwenye beseni la wateja. Vilivyoungua vilikuwa vyangu."

Neno "magumu" halimo. Angalieni vilivyoungua.

Hatua ya 7: Mpe msomaji mmoja

Mtu anayekijua unachokiandika, hata kama hajasoma fasihi. Usimwulize "Ni nzuri?" kwa sababu atakuonea haya. Mwulize, "Umechoka wapi?" Atakuonyesha kwa kidole.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Nachanganya r na l, h na kh, th na dh. Nikiandika nasikia aibu. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Aibu iondoe, wengi tumekua na lugha za nyumbani zisizotofautisha sauti hizo. Tengeneza daftari la maneno yako tu, yale yanayokuangusha wewe, mawili mawili: kula na kura, dhamani isiyokuwepo na thamani iliyopo. Yakifika hamsini utashangaa kwamba makosa yako mengi yalikuwa hayo hayo. Na uwe na kamusi karibu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mara ya kwanza 1981, na imechapishwa upya baadaye. Tafuta toleo la karibuni.

Mwalimu, mimi ni wa Lubumbashi. Kiswahili chetu si kama cha Dar. Nikiandika sanifu, mama yangu kwenye hadithi anasikika kama mtangazaji wa redio. Nikiandika chetu, wananisahihisha.

Ndugu yangu, swali lako limenigusa. Sanifu ilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Unguja, uamuzi wa mkutano wa lugha wa Mombasa wa 1928. Ulikuwa uamuzi wa kurahisisha vitabu na shule, wala haukumnyang'anya mama yako ulimi. Ushauri wangu: msimulizi atumie sanifu ili amfikie msomaji wa Lamu na wa Bujumbura, lakini mama akifungua kinywa, aongee kama anavyoongea nyumbani. Usimwekee maelezo pembeni. Mpangilio wa tukio utamfafanulia msomaji. Na siku ukitaka hadithi nzima iwe kwa Kiswahili cha Lubumbashi, iandike. Nitakuwa wa kwanza kuisoma.

Habari mwalimu. Nina watoto wadogo wawili na duka. Hizo dakika ishirini sina.

Nakuamini, dada. Basi chukua sentensi moja kwa siku. Dukani wanakuja watu, na kila mmoja ana namna yake ya kuomba mkopo. Iandike nyuma ya daftari la madeni, kama alivyoisema yeye, neno kwa neno. Jina usiandike. Baada ya mwezi utakuwa na sentensi thelathini za watu walio hai, na waandishi wengi wenye muda hawana hata tano. Hatua ya 4 unaweza kuifanya ukibembeleza mtoto, yeye hatalalamika ukirudia.

Je, nisome mashairi hata kama naandika hadithi tu?

Ndiyo. Mtunzi wa shairi la arudhi, yaani la kanuni za jadi, mara nyingi ana mizani (silabi) 16 kwenye mshororo, nane na nane, na vina vya kutimiza. Hana nafasi ya "suala zima la". Ukisoma beti mbili tatu kwa sauti kabla ya kuandika, mkono unakuwa mwepesi kukata.

Mwalimu, nataka kupeleka riwaya yangu kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu. Imebaki wiki moja na nimemaliza rasimu ya kwanza leo.

Hongera kwa kumaliza, wengi hawafiki hapo. Lakini usiipeleke. Ifungie kabatini mwezi mzima, kisha anza Hatua ya 4, sura moja kila Jumamosi. Soma pia masharti ya tuzo kwa makini, ili ya mwakani yasikushtukize. Nitumie sura ya kwanza ukishaisoma kwa sauti, pamoja na zile alama zako za penseli.