Jinsi ya Kufanya Mafunzo ya Kazini Yasisahaulike

Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba tunachojifunza husahaulika kwa kasi zaidi katika saa na siku za mwanzo. Kwa hiyo, badala ya kuwafungia wahudumu wa benki katika hoteli ya Westlands, Nairobi, kutwa nzima, gawanya somo katika vipindi vifupi vilivyoachana kwa siku kadhaa. Kila kipindi kianze kwa maswali, madaftari yakiwa yamefungwa: mhudumu aeleze kwa maneno yake hatua za kumfungulia mteja akaunti, kuanzia kitambulisho hadi sahihi, kisha ndipo asahihishwe, kwa sababu kule kujikumbusha kwa taabu huimarisha kumbukumbu kuliko kusoma tena. Msimamizi naye, na hili hupuuzwa mno, ampe kazi hiyo kwenye kaunta wiki iyo hiyo.